Matawi ya msipresi kwa Noeli: nifanyeje yadumu hadi Epifania?

Mama wa Kyeshero
Wapendwa, nawasalimu. Kila Desemba huingiza nyumbani matawi mabichi badala ya mti wa plastiki, kwa sababu harufu yake ndiyo inayowaambia watoto wangu kwamba Noeli imekaribia. Mwaka jana nilinunua matawi ya msipresi yaliyoletwa Goma kutoka Masisi, nikayafunga juu ya mlango na kuzungushia pango la Mtoto Yesu, lakini kabla ya tarehe 25 yalikuwa yamekauka na kupukutika mkekani, na sisimizi waliokuwa wamejificha ndani wakaenea sebuleni. Naomba mnielekeze namna ya kuyatunza hadi tarehe 6 Januari, na mnitajie mimea ya kuepuka, kwa maana nina mtoto wa miaka 2 anayetia kila kitu mdomoni.

Mpambaji wa Katindo
Mama, kosa si lako. Tawi lililokatwa huendelea kunywa maji, lakini likikaa juani sokoni kutwa nzima, utomvu huziba pale lilipokatwa, na hata ukilitia majini baadaye halinywi tena. Ukifika nyumbani, kata upya kipande cha sentimita 2 au 3 kwenye shina na ulitie ndooni papo hapo, kisha ujaze mawe ya lava kulizunguka ili lisimame wima. Maji safi yanatosha, bila sukari wala dawa, mradi uongeze kila asubuhi, kwani siku za kwanza tawi hunywa mengi kuliko unavyodhani. Ya juu ya mlango hayana maji, kwa hiyo yafunge tarehe 23 au 24, wala si mapema. Kuhusu sisimizi, yakung'ute nje kwa nguvu, uyamwagie maji, uyaache barazani usiku mmoja kabla ya kuyaingiza.

Baba wa Himbi
Naongeza jambo moja ambalo nakusihi, dada yangu, ulishike. Jirani yetu aliweka mshumaa kando ya matawi makavu jioni umeme ulipokatika, na moto ukafika kwenye pazia kabla hajapata hata ndoo. Msipresi na mkaratusi zina mafuta ndani ya majani, na zikikauka huwaka ghafla. Mshumaa ukae peke yake juu ya sahani, mbali na tawi lolote, na jiko la makala libaki nje. Tawi likianza kupukutika ukiligusa, litoe siku hiyohiyo, hata kama Epifania haijafika.

Mzee wa Majengo
Binti yangu, kwa ajili ya mjukuu huyo, oleanda isiingie nyumbani kabisa, kwa kuwa ni sumu kuanzia jani hadi ua. Lile ua la Noeli lenye majani mekundu si la kuua kama wengi wanavyoamini, ila utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho, hivyo liweke juu asikolifikia. Tena umuulize muuzaji matawi yamekatwa wapi, kwa sababu yale ya shambani mwa mtu ni halali, lakini kukata miti ndani ya Hifadhi ya Virunga ni marufuku.

Mimi siku hizi hutumia matawi machache sana. Nyumba yangu ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, na tuliporudi kujenga juu yake nilihifadhi mawe kadhaa. Kila Noeli wajukuu huyapanga kuwa pango, wakatandika nyasi kavu na kusuka nyota kwa maganda makavu ya mgomba.

Mama wa Kyeshero
Asanteni sana. Matawi ya mlangoni nitayanunua tarehe 23. Mzee wangu, je, mawe hayo huyaosha kwanza?

Mzee wa Majengo
Ndiyo, kwa brashi na maji mengi, kwa sababu matundu yake huficha vumbi na wadudu. Yaanike siku 2, kisha utandike gunia chini yake, maana kingo zake hukwaruza sakafu na vidole vya watoto.