Jangwani kumebomolewa. Dar imepona maji?

Wakuu, salaam.

Tangu nyumba za Bonde la Msimbazi zianze kubomolewa kupisha mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, wimbo ni mmoja: wabishi wa bondeni wameondoka, mafuriko basi. Napinga. Nipingeni kwa hoja, si kwa matusi.

Ubishi gani? Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, na watu wenye michoro na mihuri. Mvua zikaja, mabasi yakalala majini.

Niliwahi kupanga Kigogo kwa mama mmoja. Ukutani kwake kuna mstari wa mkaa, usawa wa kifua changu: maji ya Desemba 2011. Chini yake mistari mingine mitatu. Kitanda juu ya matofali, vyeti kwenye mfuko wa nailoni kenchini, viroba vya mchanga mlangoni. Wingu likitanda upande wa Pugu, hangoji tangazo, watoto wanapelekwa kwa shangazi yao Magomeni. Anayepima uwezo wa mji kuhimili maji ameyahesabu hayo? Vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mafuriko ulioanza 2015, walau walipita mitaani na wenyeji wakichora mifereji.

Halafu Oktoba 2022 Mto Ruvu, unaotupa maji ya bomba, ukapungua, mgao wa maji ukaanza. Nilishahamia Kimara, mlimani, mafuriko nayasikia redioni. Bomba likakauka, nikawa nakimbizana na mkokoteni wa madumu kama mtu anayedaiwa. Kwenye ramani ya mafuriko mimi niko salama kabisa!

Nawasilisha.

Mzee wa Mkwajuni: Kijana, unaandika vizuri ila hukuwepo. 2011 tulitoa watu kwenye matope kwa mikono. Mstari wa mkaa unamsaidia nani maji yakija saa nane za usiku? Wahame. Waliopelekwa Mabwepande walilia umbali, lakini wako hai.

Mtoa mada: Shikamoo mzee. Kwenye usiku umenishika, sina jibu. Sisemi wabaki. Nasema msihesabu nyumba zilizovunjwa mkadhani mmepima hatari. Mama yule ana genge, wateja wake wako Kariakoo. Mpeleke mbali, atakuwa mkavu na njaa.

Fundi bomba: Na mchanga je? Unachimbwa huko juu mtoni, kingo zinamomonyoka, tope linajaa chini, chupa za plastiki zinamalizia makalavati. Sakafu ya mto imepanda, ndiyo maana mvua ya saa mbili tu barabara inafungwa. Mnabishana nyumba tu.

Chanika: Mimi ni mmoja wa waliohamishwa. Fidia nikanunua kiwanja huku, dalali alinionyesha mwezi wa tisa, pakavu, panavutia. Masika hii nimegundua ni mkondo wa maji. Juzi nimechora mstari wangu wa kwanza ukutani, uko usawa wa goti.