Mrejesho: Ile supamaketi mpya, nimeenda

Wakuu, poleni na baridi. Juzi niliuliza kama supamaketi mpya ya mtaani kwetu, Mbeya mjini, inafaa kwa manunuzi ya mwezi au nibaki na soko langu la Mwanjelwa. Asanteni wote, hata yule aliyesema nina hela za kuchezea.

Nimeenda Jumamosi. Sabuni, mafuta ya kula, dawa ya meno: bei ileile ya duka la Mangi. Mchele sasa! Mfuko umeandikwa Kyela, lakini umefungwa, huwezi kunusa. Mimi mchele wa Kyela naununua kwa pua. Nikauacha. Viazi vimeoshwa mpaka vinang'aa, kana kwamba Uyole, hapa hapa Mbeya vinakotoka, iko ng'ambo, na hakuna wa kukuongezea hata kimoja.

Kaunta ndipo palipotaka kuharibika: bidhaa moja rafuni iliandikwa 4,500, mashine ikasoma 5,200. Nikamwomba dada akaangalie, akarekebisha bila ubishi. Someni risiti kabla hamjatoka. Na bebeni kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, huo mbadala wanauuza.

Mchele na viazi nimerudi Mwanjelwa kwa mama wangu wa siku zote. Amenuna kidogo, kisha kaniongezea vitunguu viwili.