Wodi ya kawaida na ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), wapi nesi anaambukizwa korona kirahisi zaidi?

NesiMtulivu
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana huku kazini tunabishana hadi basi. Mimi ni nesi wodi ya magonjwa ya ndani, watu wazima. Majuzi tulipokea mgonjwa wa kisukari, hana homa, hakohoi, tukamhudumia kama wengine, baada ya siku kadhaa kikohozi kikaanza, kupimwa ana korona. Sasa hivi baadhi yetu wanaumwa, na mmoja wao ni mama anayefanya usafi, ambaye wagonjwa hata hawagusi! Nikauliza mbona sisi hatupewi N95, zile barakoa zinazobana uso na kuchuja hewa, nikaambiwa hizo ni za ICU, huko ndiko kwenye hatari, nyie barakoa za kawaida zinawatosha. Ni kweli jamani? Kinachomwambukiza mhudumu wa afya ni nini hasa, ni kukaa na wagonjwa mahututi, ni vifaa, au kuna kingine? Nyumbani nina mtoto ananyonya na mama yangu ana presha, kwa hiyo usingizi wenyewe siupati. Nataka kujua nifanye nini nikiingia zamu kesho.

MdauWaKinga
Pole sana dada, na wape pole wenzako. Nafanya kazi upande wa kuzuia maambukizi hospitalini na hiyo hoja ya "ICU ndiko kwenye hatari" naisikia kila mahali, watu wanaiona ina akili lakini vipimo vilionyesha kinyume. Aprili 2020 hospitali za Birmingham, Uingereza, walipima damu za watumishi waliokuwa kazini bila dalili kuangalia nani ana kingamwili za korona, yaani nani alishaambukizwa. Kwa ujumla ilikuwa asilimia 24.4. Watu wa usafi ndio waliongoza, 34.5, wakafuata idara ya wagonjwa wa dharura wa ndani 33.3, halafu magonjwa ya ndani, yaani wodi kama yako, 30.3. ICU? Asilimia 14.8.

Sababu zinaeleweka ukikaa ukafikiria. Mtu anaambukiza sana kuanzia kama siku 2 kabla ya dalili na siku za mwanzo za dalili, na siku hizo anakuwa mapokezi au wodini kwenu, hajajulikana, ndo kama huyo wa kisukari wako. Anapofika ICU mara nyingi wiki imeshapita, virusi vimeshapungua, halafu kila anayemkaribia anajua anaingia wapi na amejifunga kuanzia kichwani. Kwenu mnamgeuza, mnampima sukari, mnamlisha, mnamsogelea usoni kwa sababu hasikii vizuri, na hakuna aliyewaambia mjihadhari.

Sisemi ICU ni salama, tusije tukapotoshana. Kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia kooni ni kazi ya hatari kweli, wakati wa SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu ulio ndugu wa korona, waliofanya kazi hiyo walionekana kuwa na uwezekano wa kuambukizwa zaidi ya mara 6 kuliko wenzao wasioifanya. Ila hatari iko kwenye tendo na kwenye hewa ya chumba, maandishi ya mlangoni hayabadilishi kitu.

Dokta_Mchanga
Naongezea ila kwenye N95 nitapingana na watu kidogo. Kuna jaribio lilitoka 2022, lilifanyika Canada, Israel, Pakistan na Misri, wahudumu wengine walipewa barakoa za kawaida za hospitali na wengine N95 wakiwa wanahudumia wagonjwa wa korona. Walioambukizwa kwa barakoa za kawaida ni kama asilimia 10.5, kwa N95 asilimia 9.3. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo anayesema barakoa ya kawaida haisaidii kitu anawatisha watu bure.

MdauWaKinga
@Dokta_Mchanga nalijua hilo jaribio, lakini soma na makadirio yake ya hiyo tofauti, ni mapana mno, hayana uhakika, yanaruhusu hata N95 iwe bora kwa kiasi cha maana. Halafu mtu akiambukizwa nyumbani kwake au mtaani barakoa ya wodini itamsaidiaje? Hao nao wamehesabiwa humo humo na wanafanya tofauti ionekane ndogo. Kwa wodi ambayo imeshapata mgonjwa, na madirisha yanafungwa kwa sababu ya baridi, mimi N95 naidai bila aibu.

BiMaabara
Mwenzenu niko maabara, naona watu wanabishana kuhusu aina ya barakoa wakati aliyonayo haijamkaa usoni. N95 inachuja asilimia 95 ya chembe ndogo kabisa, sawa, lakini kama hewa inapita pembeni ya pua inachuja nini? Ukishavaa ifunike kwa viganja vyote viwili, pumua nje kwa nguvu, ukisikia upepo unapiga machoni basi bana kile kiwaya cha puani, rudisha mikanda vizuri, rudia tena. Wanaume wenye ndevu haikai, hilo halina mjadala. Na sisi wenye nyuso ndogo saizi moja ya stoo mara nyingi inatupwaya, kwa hiyo omba saizi nyingine usione haya.

Halafu kuvua! Hapo ndipo watu wengi wanajipaka wenyewe, maana umechoka, unataka kutoka. Glovu zinatoka kwanza, ya pili unaivua kwa kuingiza kidole ndani ya kifundo ili usiguse nje. Gauni unalivuta kutoka mabegani huku unalikunja, upande uliochafuka uwe ndani, unatupa. Mikono inasafishwa. Miwani au ngao ya uso unaishika kwa nyuma. Barakoa inatoka mwisho kabisa ukishatoka chumbani, unashika mikanda ya nyuma, mbele usiguse hata kidogo, halafu mikono tena. Mtu akikusimamia anakuangalia ni bora zaidi, kwa sababu mwenyewe huoni pale kidole kilipogusa shavu.

MzeeWaZamu
Wote mmesema vizuri ila mmesahau chumba cha kupumzikia. Kinga yote inavaliwa kwa mgonjwa, halafu watu sita tunajibana kwenye kachumba hakana dirisha, barakoa chini, tunakula tunapiga stori. Mwenzako humwogopi kwa sababu ni mwenzako. Na tafiti za Marekani zilionyesha kwamba kwa watumishi wengi, kukaa na mtu mwenye korona nje ya kazi, hasa ndani ya nyumba, kulikuwa na uzito kuliko hata kuhudumia wagonjwa. Mle kwa zamu, wachache wachache, nje ikiwezekana.

Lingine ni saa za kazi. Wuhan mwanzoni kabisa waliona madaktari na manesi wa idara zenye hatari waliofanya kazi saa nyingi zaidi ndio walioambukizwa zaidi, pamoja na wale ambao hawakusafisha mikono vizuri baada ya kumgusa mgonjwa. Na hivyo viwili ni ndugu, mtu aliyechoka hanawi ipasavyo. Na yule anayekuja kazini anaumwa kwa sababu asipokuja hesabu ya mshahara inapungua, huyo msimlaumu, mlaumuni anayempangia hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa korona kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Hao ni watu waliokwenda kazini.

NesiMtulivu
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Maswali mawili ya mwisho: mimi niliugua korona zamani na nimechanja, je bado natakiwa kuogopa? Na mtoto nimwachishe ziwa?

Dokta_Mchanga
Ziwa usimwachishe. Hata ukiugua ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni uendelee kunyonyesha, uvae barakoa ukiwa naye karibu na unawe mikono kabla ya kumshika. Kuhusu kuugua zamani, Uingereza walifuatilia watumishi wa hospitali wakaona waliokwisha kuugua walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 84 ya kuambukizwa tena, lakini hiyo ilikuwa kabla ya Omicron, ile aina ya kirusi iliyokuja baadaye. Baada ya hapo kinga ya kutoambukizwa inapungua haraka, inayodumu zaidi ni ya kutozidiwa. Kwa hiyo wewe hofu ipunguze. Wa kuangaliwa ni mama yako, umri na presha ndivyo vinavyompeleka mtu kwenye oksijeni, chanjo yake ya nyongeza isichelewe, na ukianza kuwashwa koo usikae naye chumba kimoja hadi upime.

MdauWaKinga
Na kwa zamu ya kesho: fungueni madirisha ya pande zote mbili hewa ipite, kipimo cha chini wanachopendekeza kwa wodi ni lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa na chumba kilichofungwa hakifiki hapo. Kila anayeanza kukohoa apimwe siku hiyo hiyo hata kama alilazwa kwa ajili ya mguu. Ombi la N95 liandikeni kwa barua, taja tarehe mgonjwa alipogundulika na idadi ya watumishi walioumwa, na jina la huyo mama wa usafi liwemo kwenye orodha ya wanaohitaji vifaa, maana kwenye hizo orodha watu wa usafi huwa wanarukwa.