Watoto wa paka wananipenda mno, lakini wananing'ata na kunipanda miguuni. Nifanyeje?

FundiNgamiani:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na paka.

Ninao wawili, ndugu wa tumbo moja. Dume ni Bizari, jike ni Iliki. Mama yao aligongwa na bodaboda hapa Ngamiani, Tanga, wakiwa bado wananyonya, nikawachukua. Kwa makadirio sasa wana kama miezi mitatu, wanakula wenyewe na haja wanakwenda kwenye beseni la mchanga. Upande huo sina tatizo nao.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikianza tu, Bizari anajibanza chini ya meza, anakitolea macho kisigino changu kinavyopanda na kushuka, anatingisha makalio, halafu huyo! Anaking'ata. Nikisimamisha mguu anapanda kwa kucha, kutoka kwenye kifundo, kupitia ndani ya dera, mpaka mapajani. Akifika anatulia, ananguruma, anakanda kwa vidole na kunyonya ncha ya kanga yangu mpaka inalowa chepechepe. Hapo hasira zote zinaniisha. Lakini juzi aliyoinyonya ni kitenge cha mteja, na gauni la satini la bibi harusi limevutwa nyuzi.

Iliki mchana ni mpole. Kazi yake ni alfajiri. Anaingia ndani ya chandarua, anaanza na vidole vya miguu, anakuja kwenye nywele, anamalizia na ncha ya pua. Kisha kuna mama yangu, naye ana kisukari. Akisujudu tu, Iliki yuko mgongoni. Mama anampenda, hataki afukuzwe, ila mikono yake ina mikwaruzo na mimi roho haitulii.

Jirani kaniambia nijipake pilipili mikononi. Mwingine anasema niwachape na chelewa, na kuna aliyesema niwapeleke soko la samaki wakajitafutie. Hayo yote sitaki. Hawa watoto wanalala shingoni kwangu. Nataka kujua tu namna ya kuwafundisha.

Mwanapwani:
Pole dada. Tafuta chupa ya kunyunyizia maji. Aking'ata, mnyunyizie usoni. Wa kwangu aliacha.

BibiMifugo:
FundiNgamiani, mwanangu, nimefanya kazi ya mifugo mpaka nikastaafu, na nyumba yangu haijawahi kukosa paka. Nianze na hilo la maji, maana naliona kila mahali: liache. Mtoto wa paka hajui kwamba maji ni malipo ya kung'ata. Anachojua ni kwamba yule anayemlalia shingoni ghafla anamuumiza. Akiacha, anaacha kwa sababu anakuogopa. Pilipili ni mbaya zaidi, kwani anajilamba mwili mzima na itamfika machoni.

Sasa tuje kwa Bizari. Huyo si mkorofi, yuko shuleni bila mwalimu. Paka anajifunza ukali wa meno yake kwa mama na ndugu zake, hasa mpaka anapofikisha wiki 8, na bora akae nao hadi wiki 12. Akimbana ndugu yake kupita kiasi, mwenzake analia, anaondoka na mchezo unakufa. Wako waliondokewa na mama mapema. Bado wana bahati kwamba wako wawili, wangalau wanafundishana, kwa hiyo usiwatenganishe. Mwalimu aliyebaki ni wewe, na ufundishe kama alivyofundisha mama yao: aking'ata, mchezo unakufa.

Usivute mkono wala mguu. Kinachovutwa kinakimbia, na kinachokimbia ni windo. Legeza, nyamaza, mtoe taratibu, inuka uende zako. Akitulia, rudi. Usipige kelele, kwake kelele ni sehemu ya mchezo. Na nyumba nzima ifuate hivyo hivyo. Mkono wa mtu usiwe mwanasesere hata siku moja, kwa sababu mjomba akija kuwachezea kwa vidole vya mkono, kazi yako ya wiki nzima inapotea.

Lakini kuzuia peke yake hakutoshi. Kile kisigino chako kinachopanda na kushuka, kwa jicho la Bizari, ni panya. Lazima umpe panya mwingine. Chukua fimbo ndefu, funga kipande cha kitambaa mwishoni, ukiburute sakafuni kiende, kisimame, kijifiche nyuma ya mguu wa kiti. Mwache akikamate, tena mara nyingi. Paka asiyekamata chochote anabaki na hamu, na hamu hiyo ataimalizia kwako. Tafuta soksi kuukuu, jaza vitambaa, hiyo ni ya kukumbatia na kupiga mateke ya nyuma. Fanya hivyo kabla hujakaa kwenye cherehani, kisha wape chakula, hata dagaa kidogo. Windo, chakula, kujilamba, usingizi: ndivyo walivyoumbwa. Ukiwapitisha njia hiyo utashona kwa amani.

Meno nayo yana sehemu yake. Sasa ndipo wanapoanza kung'oa meno 26 ya utotoni waote 30 ya ukubwani, na shughuli hiyo inaisha karibu na miezi sita. Fizi zinawawasha, watatafuna chochote.

Kuhusu kupanda mguu na satini, wewe uko Tanga na unauliza dawa ya kucha! Katani tunayo tangu yule Mjerumani, Hindorf, alipoileta mwaka 1893. Nunua kamba ya katani, izungushe kwenye gogo au nguzo imara, ibane isilegee, na iwe ndefu kiasi cha paka mkubwa kujinyoosha wima. Isimamishe karibu na wanapolala, maana paka akiamka tu anajinyoosha na kukwaruza. Anakwaruza ili avue magamba makuukuu ya kucha na aache harufu ya nyayo zake, hatendi uharibifu kwa makusudi. Kucha zenyewe unaweza kukata ncha ile nyeupe ya mbele tu. Sehemu ya waridi ina damu na mishipa, usiiguse. Kata akiwa na usingizi, kucha mbili leo, mbili kesho.

Kunyonya kanga ni kilio cha titi lililoondoka mapema. Usimkemee kwa hilo. Mpe kitambaa chake mwenyewe, kilichokaa na wewe kikashika harufu yako, na akianza kwenye kitenge cha mteja umhamishie hapo polepole. Wengi huacha wakikua. Ila uangalie asitafune na kumeza.

Na hapa naomba unisikilize sana, kwa kuwa wewe ni fundi. Uzi! Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea kooni. Uzi ukishanasa hapo hawezi kuutema, unateremka tu. Ncha moja ikikwama, utumbo unajikunja kwenye uzi huo kama kiuno cha suruali ya mpira, na uzi unaweza kuukata. Nimewaona wakifa hivyo. Uzi wenye sindano ni balaa zaidi. Bobini, mabaki ya uzi na mipira ya kiuno viwe kwenye kopo lenye kifuniko, ufagie kabla hujainuka. Ile fimbo ya mchezo nayo ifungie kabatini mkimaliza. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au unatokea nyuma, USIUVUTE. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akitapika mfululizo na kukataa chakula.

FundiNgamiani:
Shikamoo bibi. Nimekusoma mpaka mwisho na kopo la uzi nimeshalitafuta. Na Iliki je? Akining'ata alfajiri mimi huamka nikampa chakula ili nipate usingizi.

BibiMifugo:
Marahaba mwanangu. Iliki keshajua kwamba pua yako ni kengele ya chakula. Paka kwa asili huchangamka macheo na machweo, hutaibadilisha damu yake, lakini unaweza kuisogeza. Wachezeshe vizuri kabla ya kulala mpaka wahemewe, kisha wape mlo mkubwa wa siku. Chandarua kichomeke vizuri chini ya godoro. Akikung'ata usiamke, usiseme neno, usimsukume. Siku za kwanza atazidisha, vumilia. Na ukiamka asubuhi, swali kwanza, fagia, ndipo chakula kifuate, asiunganishe macho yako kufumbuka na bakuli lake.

BintiMkunazini:
Naongezea kuhusu mama. Kwetu Unguja bibi yangu alikuwa anamfungulia paka chumba kingine dakika chache kabla ya adhana na kumwekea kitambaa chake na kidagaa. Mswala ukitandikwa, yeye ana shughuli zake. Pia mama asiwe na wasiwasi wa twahara, imepokewa katika hadithi kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia. Mwaka 2023 ilisambaa ile video ya Sheikh Walid Mehsas wa Algeria, yuko kwenye tarawehe, paka akamrukia akapanda mpaka begani. Sheikh akampapasa na kuendelea kusoma. Mimi nililia.

BibiMifugo:
Ahsante binti, hilo la chumba ni zuri. Ila kwa mwenye kisukari nisisitize: avae mikono mirefu anapokuwa nao, kila mkwaruzo uoshwe palepale kwa sabuni na maji mengi, na ukivimba, ukiwa mwekundu au ukitoa usaha, aende hospitali asingoje. Pia mfundishe kumsoma Iliki. Mkia ukianza kupigapiga, masikio yakilala pembeni, mboni zikitanuka, basi kupapasa kumetosha, aondoe mkono kabla hajang'atwa.

Umri wao ni wa chanjo ya kichaa cha mbwa, wapeleke sasa, na irudiwe baada ya mwaka. Paka wanatoka nje na mbwa wa mtaani wapo. Mtu aking'atwa na mnyama asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo.

FundiNgamiani:
Nitawapeleka wiki hii Mungu akipenda. Na kufunga kizazi? Ni kaka na dada, nisije nikajikuta na wajukuu. Kwa sasa nina uwezo wa kumlipia mmoja tu, nianze na nani?

BibiMifugo:
Anza na Iliki. Kumhasi dume ni rahisi na bei yake huwa ndogo, lakini ukimhasi Bizari peke yake, madume ya Ngamiani nzima yatabaki. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na kaka yake hatajali undugu. Siku ya chanjo mwombe daktari ampime uzito na akupangie tarehe. Bizari afuate ukipata fedha, kabla hajaanza kukojolea kuta na kupigana usiku. Na umuulize daktari asile kwa saa ngapi kabla ya upasuaji, usimfungishe usiku kucha kwa kubahatisha, maana paka mdogo akikaa na njaa muda mrefu sukari yake inashuka.