Video ya wizi: alaumiwe aliyeipandisha tu, au na mwenye seva, yaani mtandao unaoihifadhi?

MLETA MADA: Wakuu, filamu yetu fupi, tumeshuti Kigamboni kwa hela za kuungaunga, jamaa kaibeba kaitupia kwenye chaneli yake, logo yetu kaifunika na tangazo la mikopo. Tukalalamika kwa wenye mtandao, siku ya tisa ndo ikashushwa. Wiki haijaisha imerudi kwa akaunti nyingine, safari hii wameigeuza picha, maandishi ya nyuma ya bajaji yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo, eti mtambo wa kunasa video za wizi usiitambue. Na matangazo yanapita, hela wanakula. Mi nasema ya kwanza wenye mtandao hawakujua sawa, hiyo ya pili walipe.

MCHANGIAJI 1: Pole mkuu, ila ngoja kwanza. Viacom, kampuni ya Marekani ya vipindi vya TV na filamu, waliishtaki YouTube 2007 wakidai dola bilioni 1, na kabla ya hapo walishatuma notisi ya kutaka video kama 100,000 zishushwe kwa mpigo, siku ya kazi iliyofuata karibu zote zikawa zimeshushwa. 2010 jaji akasema sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998 inawalinda YouTube. Tena YouTube walidai video nyingine watu wa Viacom wenyewe ndo walizipandisha kujitangazia vipindi, sasa kijana wa seva atajuaje ipi ya ruhusa ipi ya wizi?

MLETA MADA: Malizia basi. 2012 mahakama ya rufaa iliirudisha kesi iangaliwe kama YouTube walizijua video zenyewe za wizi au walijifumba macho makusudi. Ndiyo, 2013 YouTube walishinda tena na 2014 wakamalizana nje ya mahakama, ila huko kujifumba macho ndo nakolilia mimi.

MCHANGIAJI 2: Huku Kenya sheria ya hakimiliki iliongezwa hayo ya notisi 2019, ukiileta wenye mtandao wana saa 48 za kazi kushusha, na notisi ya uongo ni jinai. Hapo kwa uongo ndo pananihusu, mi naoka keki, kuna mtu aliripoti picha zangu mwenyewe nilizopiga jikoni kwangu, tena Ijumaa, ukurasa ukafungwa na oda za harusi zote ziko mle kwa meseji. Sasa ukiwatishia faini watashusha kila kitu halafu ndo waulize.

MLETA MADA: Dada hapo nakubali, anayeripoti aweke jina lake kamili. Ila filamu ileile iliyokwisha kushushwa? Jana nimeikuta tena, bajaji bado iko kinyumenyume.