Tochi ya shoti kutoka Houston: naruhusiwa kutembea nayo Uingereza?

Mama_Zuu: Habari zenu wapendwa. Nalea wazee hapa Reading, natoka zamu saa nne usiku, na njia ya kwenda kituo cha basi ni giza tupu. Juzi mtu kanifuata hadi kwenye taa. Kaka yangu yuko Houston, anakuja mwezi ujao, kanitumia picha ya tochi nyeusi yenye meno mawili ya chuma mbele. Ukibonyeza pembeni inatoa cheche. Huko dukani anainunua bila shida. Polisi wa hapa nawaona na zile silaha za umeme za njano. Mimi raia je, kuna kibali?

Mtu_wa_Kwetu: Dada, mitandaoni zinauzwa kama njugu. Nani atakupekua mkoba?

Baharia_Brum: Dada, usimsikilize huyo. Mwambie kaka aiache hukohuko.

Mimi ni mlinzi wa mlangoni Birmingham, leseni ninayo, na hata mimi siruhusiwi kuishika. Sheria ya Silaha za Moto ya 1968, kifungu cha 5, inaweka silaha za shoti ya umeme kwenye silaha zilizopigwa marufuku, pamoja na dawa ya kupuliza machoni. Kibali cha kujilinda hakuna. Kukutwa nayo tu ni kosa, kifungo hadi miaka 10. Ya kwako ni mbaya zaidi kwa sababu imejificha ndani ya tochi: silaha iliyotengenezwa ionekane kitu kingine, mtu mzima akitiwa hatiani jaji anaanzia miaka 5, isipokuwa pawe na sababu za kipekee. "Sikujua" haisaidii. Na kama huna uraia, kifungo cha miezi 12 au zaidi kinafungua mlango wa kufukuzwa nchini.

Marekani ni habari nyingine, silaha huko zina ulinzi wa katiba. Mahakama Kuu yao ilitengua hukumu ya mwanamke wa Massachusetts mwaka 2016 kwa shoti aliyokuwa nayo kujikinga na mwanamume aliyemtesa. Hapa hoja hiyo haina pa kusimama.

Mtu_wa_Kwetu: Basi polisi wao wamehalalishiwa kutupiga umeme watakavyo?

Baharia_Brum: Hapana. Ile yao ya Taser inarusha misumari miwili yenye nyaya, na mpigo mmoja wa kawaida ni sekunde 5. Hata kuelekeza tu ile nukta nyekundu ya kulengea kifuani mwa mtu lazima iandikwe. Telford, si mbali na hapa, Agosti 2016, polisi Benjamin Monk alimpiga Taser Dalian Atkinson, mtu mweusi aliyewahi kuchezea Aston Villa, kwa sekunde 33 mfululizo, kisha akampiga mateke ya kichwa. Alama za kamba za kiatu zilibaki kwenye paji la uso. Atkinson alikuwa amechanganyikiwa akili, nje ya nyumba ya baba yake. Alikufa. Mwaka 2021 Monk alihukumiwa miaka 8 kwa kuua bila kukusudia. Miaka mitano familia inasubiri! Mimi naona ni mingi mno, na rafiki zangu weusi hapa mjini kila wakiona nukta ile wanaikumbuka Telford.

Mama_Zuu: Asante kaka, nampigia sasa hivi asiipakie. Nitumie nini basi?

Baharia_Brum: King'ora cha mkononi, kile cha kuvuta pini. Ni halali, kelele zake zinafika mtaa wa pili. Kifunge nje ya mkoba, si ndani. Na huyo aliyekufuata, toa taarifa polisi kwa namba 101, hata kama kaondoka. Halafu meneja wako aambiwe kwa maandishi kwamba njia ni giza.

Mama_Zuu: Meneja naandikia leo hii.