Naombeni ushauri: kubana mkono kwa mashine ya presha kunaukinga moyo?

MpandaNgazi: Wakuu, usingizi sipati. Mwaka 1986 watafiti Marekani waliubana mshipa wa moyo wa mbwa dakika 5, wakaachia, mara nne. Walipoubana dakika 40, sehemu iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa wasiozoeshwa. Baadaye mbinu hiyo ikajaribiwa kwa kuubana mkono badala ya mshipa wa moyo. Nikijibana kila asubuhi je, na dakika ngapi?

MamaWawili: Pole kaka. Mume wangu naye alikuwa na mawazo hivyo hivyo, akaanza kutembea jioni. Siku hizi anakoroma hadi majirani wanalalamika.

FundiSaa: Utamu uko kwenye protini. Kinga ya kwanza huja papo hapo, ikaisha ndani ya saa chache. Ya pili huja baada ya saa 24 hivi, maana seli inakuwa imeshatengeneza protini mpya, zikiwemo za mshtuko wa joto. Hizo hudaka protini zilizoharibika umbo zisigandamane. Dalili zake mtafiti Ritossa aliziona kwa nzi, 1962!

KimyaKingi: Nzi tuwaache. Mkuu, mtu hakoseshwi usingizi na mbwa wa watu. Una nini?

MpandaNgazi: Kifua hubana nikipanda ngazi. Dawa niliandikiwa, nimezipumzisha kidogo. Ila waliobanwa kifua kabla ya shambulio la moyo mara nyingi hupata kovu dogo moyoni. Kwa hiyo ngazi nazipanda makusudi.

KimyaKingi: Lo! Yule mtafiti alijua mshipa utazibwa saa ngapi, kwa sababu anauziba yeye. Wewe wako unajua utaziba lini? Na huo mkanda ulijaribiwa kwa wagonjwa wa shambulio la moyo zaidi ya 5,000, majibu yakatoka 2019: haukupunguza vifo wala moyo kushindwa kazi.

ChaiMoto: Hii chai. Mbwa wa 1986 anawakumbuka, dawa za jana kasahau? Subirini, kesho anatuletea mashine za kuuza.

MamaWawili: Hata mimi nimeanza kushangaa. Akaunti yenyewe mpya.

MpandaNgazi: Siuzi kitu! Mashine nimenunua kwa hela yangu, ina mkanda mpana. Nimeuliza tu idadi ya dakika. Halafu tangu juzi kinabana hata nikiwa nimekaa, ndiyo maana nina haraka.

KimyaKingi: Umekaa na kinabana? Hiyo ni dharura. Hospitali sasa hivi, mtu akupeleke, na dawa zako ubebe.

FundiSaa: Naunga mkono. Protini zitasubiri.

ChaiMoto: Kama ni kweli, kimbia. Kama ni chai, sukari imekolea.